Je, bima ya afya kwa wote ni kurudi kwenye ujamaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya wanachama kuhusu bima ya afya kwa wote. Mzee mmoja akasimama akasema, "Wanataka kuturudisha kwenye ujamaa, tupange tena foleni ya sabuni." Kijana mmoja akamjibu kwamba nchi zote zilizoendelea ni za kijamaa, tazama Denmark. Ukumbi ukagawanyika, watu wakazomeana, na bima yenyewe hatukuijadili tena. Nani kati yao alikuwa sahihi? Na ujamaa ni nini hasa, kwa mtu anayetaka kuelewa sera za uchumi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Wote wawili walikosea, na aliyepata hasara ni ninyi wanachama, maana mliitwa kujadili bima mkaondoka bila kuijadili.

Yule mzee lakini simbezi hata kidogo. Mwaka 1982 nilikuwa darasa la nne, na kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kushika nafasi kwenye foleni ya duka la kijiji. Tulipanga mawe. Kila kaya ilikuwa na jiwe lake, au kopo, au ndala iliyokatika, ili mtu akienda kunywa maji nafasi yake isipotee. Muuzaji alikuwa na orodha iliyotoka kwa balozi wa nyumba kumi. Sabuni ya mche aliikata vipande kwa waya, akakupimia kulingana na idadi ya watu wa nyumbani kwenu. Siku moja sabuni ikaisha nikiwa nimebakiza watu wawili kufika mbele. Nikarudi na kikapu kitupu, na mama akafua nguo zetu za shule kwa majani ya mpapai. Mtu aliyepita hapo, ukimtajia ujamaa, kinachomjia kichwani ni lile jiwe lake kwenye foleni. Ana haki ya kuogopa.

Ila mtu wa uchumi hana budi kuuliza foleni ile ilitokana na nini. Shilingi yetu ilikuwa imepangiwa thamani kubwa kuliko nguvu yake, kiasi kwamba dola barabarani iliuzwa mara kadhaa ya bei ya benki. Mkulima wa pamba au kahawa alilipwa kidogo na mamlaka ya zao lake, akaona bora alime mahindi na maharage ale, na nchi ikakosa fedha za kigeni. Bila fedha za kigeni kiwanda cha sabuni hakipati malighafi wala vipuri. Juu ya hapo bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki. Kisha bidhaa hiyo hiyo adimu ikapangiwa bei ya chini na Tume ya Bei, kwa hiyo kidogo kilichozalishwa kikapitia dirishani kwa walanguzi. Ukiyakusanya yote hayo ukasema "ujamaa ulishindwa", umetumia neno moja kufunika mambo saba, na kila moja lina somo lake. Thamani ya shilingi ni jambo moja, vita ni jambo jingine kabisa.

Chukua bei za kupangwa peke yake. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon wa Marekani, mtu wa chama cha Republican, alitangaza kwenye televisheni kwamba bei na mishahara nchi nzima visipande kwa siku 90. Waingereza nao walipotutawala, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipanga bei za vyakula na kununua mazao yetu kupitia bodi zao. Hakuna atakayesema Nixon alikuwa mjamaa, wala gavana wa kikoloni. Kupanga bei chini ya gharama huzaa uhaba chini ya bendera yoyote ile, na hoja hiyo inajitosheleza. Mzee angeisema hivyo, ningempigia makofi.

Sasa ujamaa ni nini? Bahati yetu Watanzania ni kwamba tuna maandishi kwa lugha yetu wenyewe. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, linaeleza kwamba katika nchi ya kijamaa hakuna unyonyaji, na njia kuu za uchumi ziko katika milki ya wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Kisha linazitaja njia hizo: ardhi, misitu, madini, maji, nguvu za umeme, mawasiliano, mabenki, bima, biashara na nchi za nje, biashara ya jumla, viwanda vikubwa. Siku chache baada ya kutangazwa, mabenki yalitaifishwa. Mwaka 1971 zikafuata nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hapo neno lina maana ya kushikika. Linahusu nani ni mwenye mali inayozalisha, na nani ana kauli juu ya matumizi yake.

Azimio hilo hilo, hata hivyo, kurasa zile zile, lina kichwa kingine kidogo: "Ujamaa ni imani." Hapa maana inahama kutoka kwenye umiliki kwenda moyoni: kuishi kwa undugu, kutonyonyana, viongozi wasijilimbikizie mali. Mwalimu Nyerere alikuwa ameianza njia hiyo mwaka 1962 alipolichukua neno letu la kawaida, ujamaa, undugu wa jamaa moja, akalipa kazi ya siasa. Lilikuwa chaguo la kishairi na mimi nalipenda. Lakini lilituachia neno lenye vyumba viwili, na tangu hapo watu wanabishana mmoja akiwa chumba hiki, mwenzake chumba kile.

Ukitaka kuona jinsi chumba cha pili kilivyobaki na cha kwanza kikahamwa, fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 3 bado inasema hii ni nchi ya kijamaa. Ibara ya 9 bado inataja siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, na imo humo kauli kwamba uchumi usiendeshwe kwa njia ya kulimbikiza njia kuu za uchumi mikononi mwa watu binafsi wachache. Lakini ukienda mwishoni, kwenye ibara ya 151 inayofasiri maneno, utakuta ujamaa umeelezwa kama misingi ya maisha ya jamii inayozingatia demokrasia, kujitegemea, uhuru, usawa, udugu na umoja. Umiliki haumo. Mabenki hayamo. Kwa fasiri hiyo, hata mwenye benki binafsi anaweza kuapa kwamba ni mjamaa, na hatasema uongo.

Hata neno la upande wa pili limesafiri. Bepari limetoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi pwani, na maana yake ya asili ni mchuuzi, mtu wa biashara. Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Miaka ile neno lilikuwa tayari limeshakuwa tusi la kisiasa. Ndiyo maana mama muuza dagaa mwenye meza moja sokoni aliweza kuitwa bepari, wakati hamiliki chochote zaidi ya ile meza.

Sasa nikutoe nje ya Tanzania kidogo, kwa sababu kosa hili halikuanza kwetu, na jirani yetu ana mfano ninaoutumia darasani kila mwaka.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilichapisha Waraka wa Bunge Namba 10, unaohusu usoshalisti (yaani ujamaa, kwa jina la kigeni) wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya Kenya. Msimamizi wake alikuwa Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi. Soma jalada, utadhani Nairobi imejiunga na njia ya kijamaa. Soma ndani. Mali ya mtu binafsi inalindwa. Mtaji wa kigeni unakaribishwa, na mwaka mmoja kabla ilishapitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi vya wageni. Kutaifisha kuwe kwa nadra, na kwa fidia. Na kuna aya moja iliyoamua maisha ya mamilioni ya watu: fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza pato kwa haraka zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Matunda yake yangesambaa baadaye kwingine.

Mtu wa Turkana, Wajir au Mandera anajua maana ya aya ile. Hakuwa na mvua, hakuwa na reli, kwa hiyo hakuwekewa barabara, na kwa kuwa hakuwa na barabara hakustahili kuwekewa kingine. Yaliyofuata yanaonekana hadi leo, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ililazimika kuunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Unaweza kuutetea ule waraka kama sera ya kukuza pato haraka. Wapo wachumi wanaofanya hivyo, na hoja wanazo. Lakini kuuita usoshalisti kuliwanyima wananchi nafasi ya kubishana na kilichomo. Oginga Odinga na Bildad Kaggia, waliotaka ardhi igawiwe wasio nayo, walijikuta wanapambana na serikali inayotumia jina la hoja yao wenyewe. Mwaka 1966 wakatoka kwenda chama kingine.

Mmoja wa watu wachache walioukosoa waraka ule kwa maandishi wakati huo huo alikuwa mchumi kijana wa Nairobi, Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Julai 1965 aliandika makala katika jarida la Afrika Mashariki akilalamika, pamoja na mengine, kwamba waraka hauelezi vya kutosha usoshalisti wa Kiafrika wenyewe ni nini. Miaka 45 baadaye mwanawe alitia saini sheria ya bima ya afya, Machi 2010, na nusu ya nchi yake ikamwita msoshalisti. Sheria yenyewe iliwaacha mabwana wa kampuni binafsi za bima mahali pao, na kuwataka wananchi wasio na bima wakanunue, wengi wao kwa kampuni hizo hizo, huku serikali ikiwasaidia wenye kipato kidogo kulipa. Baba aliuliza neno lina maana gani. Mwana akapigwa nalo kichwani na watu ambao hawakuwahi kujiuliza.

Marekani wana historia ndefu ya jambo hili. Oktoba 1952, Rais Harry Truman, aliyekuwa amejaribu bima ya afya ya taifa na kushindwa, alisema huko Syracuse kwamba usoshalisti ni neno la kutishia watu, linalorushwa dhidi ya kila hatua ambayo wananchi wamepiga katika miaka 20. Alitaja mfuko wa pensheni, alitaja bei za mazao kwa wakulima, alitaja vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1961 chama cha madaktari kilisambaza santuri ya Ronald Reagan, wakati huo mwigizaji wa filamu, akionya kwamba bima ya serikali kwa wazee ingeleta usoshalisti nchini. Bima hiyo, Medicare, ilipita mwaka 1965. Reagan alikuja kuwa rais kwa miaka minane, na Medicare ilikuwepo alipoingia, ikawepo alipotoka. Wakati wote huo nchi hiyo ina hospitali za wanajeshi wastaafu ambazo majengo ni ya serikali na madaktari ni waajiriwa wa serikali, jambo ambalo liko karibu zaidi na ujamaa kuliko Medicare kwa umbali mkubwa. Hizo ni nadra kuzisikia zikizomewa.

Kwa kijana wako wa Denmark sina maneno mengi, kwa sababu Wadenmark wenyewe walishamjibu. Mwaka 2015 waziri mkuu wao, Lars Løkke Rasmussen, alikuwa Marekani katika Chuo Kikuu cha Harvard, akasema waziwazi kwamba Denmark si uchumi wa kijamaa wa kupangwa, ni uchumi wa soko. Kampuni zao kubwa ni mali ya watu binafsi. Mwajiri anaweza kupunguza wafanyakazi kwa urahisi kuliko nchi nyingi za Ulaya, na hakuna hata sheria ya kima cha chini cha mshahara, vyama vya wafanyakazi na waajiri hupatana wenyewe. Walichonacho ni kodi kubwa, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25 anayolipa kila mtu mpaka maskini, na huduma za jamii zinazotokana na kodi hiyo. Kijana anayeitaka Denmark hapa Morogoro asianze na neno. Aanze na hiyo 25.

Na kama umiliki wa serikali peke yake ungekuwa ndio ujamaa, basi Saudi Arabia na Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kufanya kazi, zingekuwa vinara, maana mafuta yao yamo mikononi mwa dola. Singapore, inayosifiwa kila siku kama kilele cha soko huria, sehemu kubwa ya wakazi wake wanaishi katika nyumba zilizojengwa na shirika la serikali, na ardhi karibu yote ni ya serikali. Serikali kumiliki kitu na wafanyakazi kuwa na kauli juu ya kitu hicho ni mambo mawili tofauti.

Hapo ndipo linanijia jambo linaloniuma kuliko mengine, na nitalikalia kidogo hata kama halikuwemo kwenye swali lako. Sisi wenyewe tulitumia jina la ujamaa kuua ujamaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala TANU, walianzisha kijiji cha Litowa, huko Songea. Walilima pamoja kwa hiari, wakagawana kwa kazi, wakawa na shule yao, mashine ya kusaga, karakana. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma, vijiji vipatavyo 17. Hapakuwa na amri wala gari la polisi. Maamuzi yalitoka kwenye mkutano wa wanakijiji. Nyerere alilipenda jambo lile na mawazo yake ya ujamaa vijijini yalijifunza mengi pale. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja ule umoja, mali zake zikachukuliwa. Kosa lake kubwa, kwa jinsi ninavyousoma mkasa huo, lilikuwa kwamba wanakijiji walizoea kuamua wenyewe, na viongozi wa mkoa hawakuwa na pa kushika.

Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Watu walihamishwa kwa malori, nyumba nyingine zikachomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, na hivi vilikuwa mali ya wakulima, vingine vya tangu ukoloni. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianza mwaka 1933. Kazi za vyama hivyo zikapewa mamlaka za mazao, mashirika ya umma ambayo mkulima hakuyachagua, hakuyamiliki, na hakuweza kuyafukuza. Vyama vile vilikuwa na wizi na uzembe, sikatai. Mhasibu wa ushirika kama wewe unajua mambo hayo yanavyokuwa. Lakini pima kwa kipimo cha Azimio lenyewe: njia za uchumi katika milki ya wakulima kupitia ushirika wao. Kwa kipimo hicho, mwaka 1976 tulirudi nyuma kutoka kwenye ujamaa. Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo mawili asiyoweza kurudia kama angeanza upya. Sheria ya kuvirudisha vyama ilikuwa imeshapita mwaka 1982.

Sasa ona hasara ya neno. Kwa kuwa yote yaliitwa ujamaa, Litowa na lori la kuhamisha watu vimefungwa kwenye furushi moja. Leo ukimwambia mkulima wa Mbinga au Newala ajiunge na wenzake wauze kahawa au korosho kwa pamoja, kuna atakayekwambia, "Mambo ya ujamaa hayo." Na ofisa atakayelazimisha watu wauze kupitia chama wasichokiamini, naye atasema anaendeleza ushirika. Mmoja anakataa kinachomfaa, mwingine anarudia kilichotuumiza, na wote wawili wanatumia msamiati ule ule.

Turudi kwenye semina yenu.

Katika afya, nchi hii ilishafanya ujamaa wa kweli, ule wa chumba cha kwanza. Mwaka 1977 ilipitishwa sheria iliyopiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Daktari hakuruhusiwa kutibu kwa faida yake. Mtoa huduma alikuwa serikali, na mashirika ya dini na ya hisani yaliyoruhusiwa. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1991. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitalini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapita mwaka 2023. Katika mpango huu hospitali binafsi haifungwi. Inasajiliwa, inatibu, inapeleka madai, inalipwa. Umiliki haujaguswa. Kinachobadilika ni nani anakusanya hela za matibabu, na lini: kabla mtu hajaugua, badala ya siku anapolazwa na ndugu wanauza ng'ombe.

Na aliyebuni bima ya lazima ya taifa alikuwa adui wa wajamaa. Otto von Bismarck wa Ujerumani mwaka 1878 alipitisha sheria ya kuvipiga marufuku vyama vya kisoshalisti, na mwaka 1883 akaleta bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, kusudi wasiwe na sababu ya kuwafuata hao aliowapiga marufuku. Mwanasiasa wa kihafidhina kabisa, mwenye mashamba.

Kwa nini iwe ya lazima? Hapa ndipo wewe mhasibu ungewasaidia wanachama kuliko mimi. Weka ubaoni kaya 1,000. Kila moja inachanga shilingi 150,000 kwa mwaka, jumla milioni 150. Tuseme kaya 60 mwaka huo zitapata mgonjwa wa upasuaji, kila mmoja milioni 2. Hizo ni milioni 120, na mfuko unabaki na chenji ya uendeshaji. Sasa ifanye iwe ya hiari. Kaya 600 zenye vijana wenye nguvu zinasema, hatuumwi, tunasubiri. Wanabaki 400, wanachanga milioni 60. Wagonjwa 60 hawajaondoka, wao ndio wa kwanza kulipia kadi. Mfuko unahitaji milioni 120 na una nusu yake. Ukipandisha mchango hadi 300,000, wenye afya waliobaki nao wanatoka, na mwaka wa tatu huna mfuko. Wewe umeyaona haya kwa macho yako: mama anayejiunga mimba ikiwa na miezi saba, kijana anayekuja kuulizia kadi baada ya kuambiwa ana jiwe kwenye figo. Ulazima unatokana na hesabu hii. Hata vikundi vyetu vya kufa na kuzikana vinaujua: huruhusiwi kuanza kuchanga siku unapofiwa.

Haina maana kwamba mzee wako hana cha kupinga. Anacho, tena kizito, na ndicho ningependa akisimamie semina ijayo. Aulize kaya isiyo na uwezo italipiwa kutoka chanzo gani cha fedha, na chanzo hicho kikipungua mwaka wa ukame nani anaziba. Aulize mkulima anayepata hela Agosti na Septemba tu atachangaje kwa mwezi. Aulize bei ambazo mfuko utawalipa watoa huduma zinapangwa na nani, maana zikipangwa chini ya gharama, atarudi kwenye lile duka la kijiji: kadi anayo, dawa hakuna. Hofu yake ya foleni ina mantiki hapo, kwenye bei za madai na ucheleweshaji wa malipo, wala haihitaji neno ujamaa kusimama. Na yule kijana aulizwe yuko tayari kukatwa kiasi gani kwenye mshahara wake wa kwanza.

Mimi binafsi naiunga mkono bima ya lazima, na nina wasiwasi mkubwa na uwezo wa kuiendesha. Nayasema yote mawili kwa pamoja. Kama mtaitisha tena mjadala, waombe wanachama kitu kimoja: kwa saa mbili za kikao, asiwepo mtu wa kutamka ujamaa wala ubepari. Mwenye hoja aeleze nani analipa, nani analipwa, nani anapanga bei, na mwanachama asiporidhika anamwondoaje anayesimamia. Hilo swali la mwisho liulizwe na huyo mzee. Umri wake unamtosha kukumbuka mamlaka ambazo hakuna mkulima aliyeweza kuziondoa.